Mlima Nilioufahamu kwa Kamera

Watu wa Goma tulio wengi hatuutazami mlima wetu mpaka siku unapotutisha. Hata mimi nalikuwa hivyo. Nilizaliwa karibu na Nyiragongo, nikajua tu kwamba upo, kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake.

Kamera niliinunua kuukuu, ili nipige picha za arusi na kupata riziki. Asubuhi moja bibi arusi alichelewa. Nikageuka kaskazini, nikashangaa. Jua lilikuwa likichomoza upande wa kuume, na mwanga wake wa kando ulionyesha kila mkunjo wa mlima, hata kilima cha Shaheru kinachouegemea ubavuni. Saa sita mchana vivuli hivyo hufutika, na mlima huwa kama karatasi. Basi, msomaji, ukitaka kuupiga picha, amka mapema, tena baada ya usiku wa mvua. Maana wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba huficha yote. Kilele chake, chenye mita 3,470, mara nyingi hujifunua kitambo kidogo, kisha mawingu hukifunika. Nimerudi mara nyingi bila picha hata moja, wala sikuhesabu hasara.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 niliupiga picha kutoka shambani kwa mama mkubwa, huko Buhene. Akacheka: «Mwanangu, leo hakuna arusi? Maharagwe yangu yatakulipa nini?»

Jumamosi, tarehe 22 Mei mwaka ule ule, jioni, volkano ililipuka, na mto wa moto ukatelemka mpaka Buhene. Watu walikufa. Mama mkubwa alipona, lakini nyumba na shamba vilizikwa chini ya mawe meusi.

Niliificha picha ile, nikiogopa kumtonesha kidonda. Aliitaka mwenyewe. Mlima, niliojivunia sana, hakuutazama. Aliweka kidole pembeni, juu ya mti wa avoka ambao mimi niliuona umeniharibia picha. «Huu ndio mpaka wetu», akasema.

Kwa miezi mingi yeye na jirani yake walikuwa wakigombana juu ya mpaka huo uliofunikwa. Tulimpelekea picha. Jirani aliitazama muda mrefu, asibishe neno. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ningeweza kumtolea nyingine, kwa kuwa nyuma ya mti ule lilionekana bati la nyumba yake.