Tundu la Ushanga

Tulipofika Kisumu, uzi wa tasbihi tuliyorithi kwa marehemu mama yetu ulikuwa umekatika, na ushanga mmoja umepotea. Karibu na soko la Kibuye tulimkuta fundi ayeyushaye vioo vya chupa kwa moto wa gesi.

Tulidhani tundu hutobolewa kwa kekee. Kumbe sivyo: fundi hupaka ufito wa chuma udongo laini, huuacha ukauke, kisha huuzungushia kioo kilichoyeyuka. Kikipoa, ufito huchomolewa, na mahali pake ndipo tundu. Lakini sharti kipoe polepole, kikiwa kimefukiwa katika jivu la moto.

Gari letu la Mombasa lilikaribia kuondoka, tukamhimiza. Akautoa ushanga mapema, ukapasuka mbele ya macho yetu. Hakutulaumu, aliwasha moto upya.

Hapo tukamkumbuka mwanafunzi wetu wa chuoni, tuliyemharakisha kwa ukali ahitimishe juzuu, hata akakimbia asirudi. Gari likatuacha. Tulilala pale ziwani, na asubuhi tukaupokea ushanga mzima.

Wazazi wenzetu, mtoto naye ana kipimo chake cha kupoa. Inshallah tutakwenda kwao kijana yule, tumtake radhi.