Madonge ya Povu Kutoka Nyamira

Basi la jioni kutoka Mombasa lilitufikisha Keroka siku ya pili, baada ya kuzipita Narok, Bomet na Sotik. Mji huu umekaa mpakani, upande mmoja Kisii na wa pili Nyamira. Sisi tuliozoea joto la Pwani tulishuka tumejitanda mashali, na mvua ilikuwa ikinyesha. Huku hunyesha karibu miezi yote, ndiyo maana majani ya chai hayakomi kuchumwa.

Mpwa wetu ameolewa karibu na Kebirigo. Nyumba za Waislamu hapo ni chache, naye hupanda matatu hadi Kisii mjini ili awaone wanawake wenziwe wa msikitini. Udi alikwenda nao, na singo pia. Bali hakupata wa kumtungia vikuba. Katika upweke huo ndipo alipoanza kutengeneza madonge ya kuogea, yale ambayo ukiyatia majini huchemka na kufanya povu.

Alituketisha jikoni tukatazama. Vikombe viwili vya ile soda ya unga itiwayo katika keki, kikombe kimoja cha ndimu ya unga, nusu kikombe cha wanga wa mahindi, na kipande cha sabuni kilichokunwa hadi kikawa vumbi. Alijifunga kitambaa puani, kwani ndimu ya unga huwasha koo. Kisha kijiko cha mafuta ya nazi, na marashi ya mawaridi.

“Ya kunyunyiza, mjomba, si ya kumimina,” alisema. “Ukimimina litakuchemkia mkononi.”

Soda na ndimu vikiwa vikavu hukaa pamoja kwa amani. Vikipata maji hutoa hewa ya kaboni, na sabuni huishika hewa hiyo ikawa povu. Mwenye kuwahi kukamulia ndimu juu ya magadi amekwisha kuliona jambo hili.

Mchanganyiko ukishikana kama mchanga mbichi, huushindilia katika kalibu mbili alizochongewa kwa jiwe la Tabaka. Huko Tabaka, Kisii, wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake wengi hukaa na mabeseni ya maji wakisugua vinyago kwa msasa hadi ving’ae. Huitwa jiwe la sabuni kwa sababu ya ulaini wake tu; sabuni haimo, ingawa wageni hawakosi kuuliza.

Adui wa kazi hii ni unyevu. Madonge yake ya kwanza, arubaini kwa hesabu yake, yalivimba na kupasuka rafuni katika wiki moja ya mvua, na fedha ya mtaji ikapotea. Sasa huyakausha karibu na jiko la makaa, akayafungia katika mikebe ya bati.

Alasiri walikuja wanawake watatu kununua. Mmoja, mtu mzima, alituuliza kwa sauti ndogo:

“Sheikh, mimi tangu Mfungo Mosi naoga josho la hedhi katika beseni lenye donge hili, nikitoka nasali. Sala zangu je?”

Mpwa wetu aliinamisha kichwa. Tuliona kwamba swali lilikuwa lake pia.

Manukato katika kuosha si jambo geni katika dini, Mtume (s.a.w.) aliwaagiza waliomwosha binti yake watumie maji na mkunazi, na mwishoni kafuri. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yakichanganyika na kitu safi hata yakabadilika sana na kupoteza jina la maji matupu, hubaki safi ila hayaondoi hadathi. Tulimwambia hivyo. Tukamwambia pia kwamba maulamaa wa Kihanafi huyajuzisha maji hayo maadamu wepesi wake haujaondoka, na kwa sala zilizokwisha pita tunamwona ana pa kuegemea. Tangu leo aoge kwa povu apendavyo, kisha atie nia na kujimiminia maji matupu mwili mzima, nywele hadi nyayo.

Alishusha pumzi, akanunua mawili.

Jioni ile mpwa wetu alikata vikaratasi, akaandika kwenye kila kimoja: “Suuza kwa maji matupu.” Alitupa madonge sita tumpelekee mamake. Tulipofungua mkebe Mombasa, mvuke wa bahari ukaingia, na la juu lilikuwa limeanza kuvimba. Mamake alilitia majini usiku uleule.