Dada Aliyekuwa Njia Fupi

Nyumbani kwa mama, Muheza, kopo la sukari hukaa ndani ya bakuli la maji. Usiku mmoja tu ukisahau kuongeza maji, asubuhi unakuta mstari wa sisimizi umetoka kwenye ufa wa dirisha, umepita ukutani, umepanda mezani na kuzama koponi. Utotoni nilikuwa naukata mstari ule kwa kidole, halafu nakaa kuwaangalia wanavyohangaika. Baada ya dakika chache wameshaungana tena.

Sikujua kwamba nilichokuwa nafuta ni harufu.

Nimelijua hilo ukubwani, tena kwa bahati. Mwenzetu wa dawati la sayansi alikuwa likizo, mhariri akanitupia mimi makala: jinsi tabia ya sisimizi inavyotumika kuboresha mitandao ya vihisi visivyotumia waya. Mimi, mtu wa riwaya na habari za jamii, hesabu niliachana nazo kidato cha nne! Nikasema haya, tutaona.

Kihisi ni kidude kidogo kinachopima joto, unyevu au mtikisiko, kisha kinatuma taarifa kwa redio. Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao, walipeleka vihisi 32 Great Duck Island, kisiwa kidogo cha jimbo la Maine, Marekani, kufuatilia mashimo wanamotagia ndege wa baharini bila watu kwenda kuwasumbua kila siku. Vidude hivyo huishi kwa betri, na kutuma redio mbali kunakula betri vibaya sana. Kwa hiyo katika mitandao mikubwa kifaa hakipigi kelele hadi kituoni. Kinamnong'oneza jirani, jirani naye anamnong'oneza jirani yake, mpaka habari ifike. Swali ni moja: ipite kwa nani?

Hapo ndipo wanapoingia sisimizi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Jean-Louis Deneubourg na wenzake wa Brussels waliwawekea sisimizi wa jamii ya Argentina daraja lenye matawi mawili kati ya kiota na chakula, tawi moja fupi, jingine refu. Aliyepita tawi fupi aliwahi kurudi, hivyo harufu aliyoidondosha njiani, iitwayo feromoni, ikakolea upesi. Wengine wakaifuata na kuongeza yao. Muda si mrefu karibu wote wakawa kwenye tawi fupi, na hakuna aliyewaamrisha. Mwaka 1992, katika tasnifu yake ya udaktari huko Milan, Marco Dorigo akaigeuza tabia hiyo kuwa algoriti: sisimizi wa kubuni, wanaotembea ndani ya kompyuta na kuacha alama za tarakimu badala ya harufu.

Mpaka hapo nilikuwa naandika vizuri tu. Nilikwama kwenye tatizo moja ambalo wahandisi wanalijua sana. Ukitumia njia fupi siku zote, vifaa vilivyo karibu na kituo vinabeba mizigo ya wote, na ndivyo vinavyokufa kwanza. Vikishakufa, vile vya mbali vinabaki na betri zimejaa, vinaongea, wala hakuna anayevisikia.

Nikaweka kalamu chini. Nilimkumbuka dada.

Tumezaliwa watano. Dada mkubwa anaishi Tanga mjini, ndiye aliye karibu na mama. Dawa za presha za mama, dada. Fundi wa paa, dada. Msiba wa jirani, nani apeleke rambirambi? Dada. Hatukuwahi kukaa kikao tukampa kazi hiyo. Alipokea simu mara ya kwanza, akalimaliza jambo, basi mara ya pili tukampigia tena yeye. Kila alivyotusaidia ndivyo njia ya kwake ilivyozidi kunukia. Na sisi wa Dar na kwingineko tukawa tunajisifu kwamba familia yetu ina mawasiliano mazuri.

Mwaka juzi simu yake haikupatikana kwa siku mbili. Nilidhani ni chaji. Siku ya tatu mama akaazima simu ya kijana wa duka la jirani, akaniuliza, "Mwanangu, dada yako yuko wapi? Hajaleta dawa." Kumbe alikuwa amelazwa, presha yake mwenyewe imepanda. Wanne sisi hatukujua, kwa sababu mtu ambaye angetupa habari ndiye aliyekuwa kitandani.

Nilipofika wodini alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, nilichoka siku nyingi. Hamkuniuliza."

Wahandisi walilitafutia dawa tatizo lao. Katika baadhi ya algoriti hizi, sisimizi wa kubuni hapimi urefu wa njia peke yake. Anapopita anasoma pia kila kifaa kimebakiwa na nguvu kiasi gani, na njia yenye kifaa kilichochoka inapata harufu kidogo, hata kama ndiyo fupi. Halafu harufu yote inafifia kadiri muda unavyokwenda, ili mazoea yasigeuke sheria. Sisimizi wa kweli hilo linawashinda. Kule Brussels, tawi fupi lilipoongezwa wakati wameshazoea lile refu, wengi waliendelea na refu. Harufu ya zamani ilikuwa bado kali.

Shuleni tulifundishwa kumsifu sisimizi kwa bidii na umoja. Bidii na umoja sisi tulikuwa navyo, na ndivyo vilivyomlaza dada.

Sasa tumegawana. Kaka wa Korogwe anashughulikia dawa, mimi naongea na fundi, wadogo wana zamu za kwenda kulala kwa mama. Ni njia ndefu, yenye makosa. Mwezi uliopita dawa zilichelewa siku moja, dada akatugombeza wote. Na mimi, likitokea jambo, bado kidole kinakwenda kwenye jina lake kabla sijafikiri.

Jumapili iliyopita nilimpigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza tu, umeamkaje?"

Akanyamaza kidogo. "Sema basi," akaniambia, "shilingi ngapi?"