Ukungu Ndio Uliotulisha

Mjomba alinipeleka vyupointi, pale watalii wanaposimama kulitazama bonde, mwaka 1991, baada ya kumaliza shule ya msingi na karo ya sekondari kukosekana. Alikuwa na kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara iteremkayo Mai Mahiu, kimejengwa ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa, hata nusu ya sakafu ilikuwa juu ya ardhi na nusu nyingine juu ya hewa, imeshikwa na magogo manne. Upepo ukivuma, kibanda kizima kililia kama kitanda kibovu. Nilikaa wiki nzima nikitembea kwa kunyata upande ule wa hewa. Mjomba alinicheka, akanipa ngozi za kondoo nichane.

Ngozi ya kondoo ina maudhi yake. Huja kutoka buchani imepakwa chumvi, ngumu kama ubao, manyoya yamejaa vijiti na kinyesi. Unailoweka, unakwangua mafuta upande wa nyama, unaifua kwa sabuni ya unga mara mbili au tatu, kisha unaiwamba kwenye fremu ya miti uiachie jua. Ikikauka unachana manyoya kwa brashi ya waya, polepole, kuanzia mkiani kwenda shingoni, mpaka yasimame. Ukiharakisha, yanang'oka na kuacha upara, na ngozi yenye upara utaishia kuilalia mwenyewe. Ikinyeshewa kabla haijakauka, hunuka zizi, na hapo hata uape kwa jina la mama yako hakuna atakayeinunua.

Tulikuwa na ngozi, na kofia zilizoshonwa kwa vipande vya ngozi hizo. Vinyago vya mbao tulivileta kutoka Wamunyu, mawe ya sabuni kutoka Tabaka kule Kisii, vyondo tuliviletewa na akina mama, na shuka za Kimaasai zilitoka dukani Nairobi, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Somo la kwanza la biashara lilikuwa la dakika. Dereva wa nisani ya watalii akiegesha, huwaambia wageni, "Dakika kumi." Nne ni za choo. Tatu au nne ni za picha. Zilizobaki ni zako, na katika hizo umpokee mtu, umtajie bei, akatae, umshushie, akatae tena, na umfungie mzigo kwa gazeti. Bonde lenyewe halina mlango wala tiketi. Mtu anaweza kushuka garini, akalitazama hadi akachoka, akaondoka bila kuacha hata shilingi. Sisi tulikuwa tunakula makombo ya muda wake.

Sasa niseme habari ya ukungu. Julai yangu ya kwanza niliamka nikakuta dunia imefutwa. Hakukuwa na bonde, hakukuwa na mlima; ukinyoosha mkono, vidole vilikuwa vya kijivu. Nilimwambia Mjomba turudi nyumbani, maana nani atasimama hapa leo? Akaniambia, "Washa jiko, weka chai, na toa kofia zote nje."

Saa mbili na nusu ikafika nisani ya kwanza. Ilikuwa inaelekea Mara, na waliomo walikuwa wamevaa kaptura na sandali, kwa sababu waliambiwa Afrika ni joto. Wakakimbilia kwenye reli ya ukingoni, wakakodoa macho. Weupe mtupu. Mama mmoja akamuuliza dereva bonde liko wapi, dereva akasema ngojeni kidogo, litafunguka. Wakangoja, meno yakigongana. Kisha, mmoja mmoja, wakageuka. Nyuma yao kulikuwa na jiko, chai, na kibanda kilichojaa manyoya. Siku ile tuliuza kofia 11 kabla ya saa nne, na ngozi mbili kubwa ambazo zilikuwa zimetukalia tangu Pasaka.

Kesho yake anga likawa safi. Unaona mlima Longonot mbele yako, mabega yake yamekunjamana. Suswa kushoto, pana na chini kama sufuria iliyofunikwa. Na katikati, yale madishi meupe ya kituo cha satelaiti kilichofunguliwa mwaka 1970, madogo kama vikombe vilivyosahauliwa nyasini. Magari yalijaa, watu wakashuka, wakasimama kwenye reli wakitupa migongo. Dakika kumi zote. Dereva akapiga honi, wakapanda, wakaenda zao. Tuliuza kijiko kimoja cha mbao.

Nilitumia miaka mingi kujaribu kuishinda siku ya jua. Nilinunua darubini kuukuu niwaazime, ili angalau nizungumze nao wakiwa pale relini. Nikajifunza maelezo. Kwamba jina la Bonde la Ufa lilienezwa na mwanajiolojia Mwingereza, John Walter Gregory, aliyefika huku mwaka 1893. Kwamba barabara tuliyosimama juu yake ilichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, na kwamba hao hao, mwaka 1942, walijenga kanisa dogo kule chini kabla ya kufika Mai Mahiu, kanisa ambalo watu wachache tu wakiingia limejaa. (Huko wageni hukaa hata nusu saa. Sijui dereva huwaambia nini.) Na kwamba bonde hili ni ufa mmoja kutoka Lebanoni hadi Msumbiji. Hili la mwisho lilikuwa na nguvu sana. Watu walikuwa wakisema "aah" na mkono kwenda mfukoni. Mpaka siku moja mwalimu wa chuo kikuu, mzee mpole, akaniambia kwamba wataalamu wa sasa hawauhesabu kuwa ufa mmoja bali mifumo kadhaa. Nilimshukuru. Nikaendelea na Lebanoni wiki moja zaidi, kisha nikaona aibu.

Madereva ndio waliokuwa mabwana wetu. Akiegesha kwako, umempa mgao. Asipopewa, kesho anaegesha kwa jirani. Silaumu, mishahara yao naijua. Ila yuko mmoja aliyechukua ngozi sita za mkopo apelekee wageni hotelini, na nikimkuta leo bado nitamwomba hela yangu.

Mjomba alipostaafu aliniachia kibanda, na nikakipata wakati mbaya. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 hapakupita nisani kwa majuma. Tulipona kidogo kidogo. Halafu Aprili 2020 Nairobi ikafungwa kwa sababu ya korona, mpaka wa kutotoka ukawekwa Rironi, na sisi tukabaki upande wa pili. Miezi ile mitatu sijawahi kuliona bonde likiwa zuri vile. Malori peke yake yaliteremka, yakiacha harufu ya breki. Nilikuwa nakaa relini pale pale walipokuwa wakisimama wageni, na nakiri kwamba ndipo nilipolitazama kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine.

Walioturudia kwanza walikuwa Wakenya. Walikuja Jumamosi kwa matatu za kukodi, muziki juu, wakielekea kupanda Longonot au kuendesha baiskeli Hell's Gate, mbuga ambayo unaruhusiwa kupita kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia. Hawa hawanunui twiga wa mbao. Mtu amweke wapi, na mama yake atasema nini? Wanataka mahindi ya kuchoma, chai ya tangawizi, na mtu wa kuwapiga picha wote pamoja. Niliondoa rafu mbili za vinyago nikaweka benchi. Majirani walinisema. Mwaka uliofuata kila kibanda kilikuwa na benchi.

Binti yangu ndiye aliyeniaibisha. Alikuwa amejiunga na vijana wa kanisa wanaopanda milima, na jioni moja akasema, "Baba, umeuza mlima huu miaka thelathini na hujaukanyaga." Basi Jumamosi moja ya Julai 2022 nikamwachia mke wangu kibanda, nikashuka nao kwenda Longonot.

Kutoka getini hadi mdomo wa kreta ni kilomita 3.1, na nilidhani hiyo si kitu kwa mtu aliyekulia mteremkoni. Lakini njia ni majivu ya volkano, laini kama unga. Hatua mbili juu, nusu hatua chini. Vijana walinipita wakinisalimu, "Shikamoo mzee," salamu ambayo ukiwa unahema ni tusi. Juu kabisa nikachungulia ndani. Kutoka kibandani sikuwahi kujua kwamba kuna msitu mle, kijani kibichi, kama shamba lililowekwa ndani ya bakuli. Binti yangu na wenzake wakaenda kuzunguka ukingo, kilomita 7.2, kupitia kilele cha mita 2,776. Mimi nilikaa kwenye jiwe, nikavua viatu, nikamwaga majivu.

Nikageuka mashariki kutafuta kwangu. Ukuta wa bonde ulikuwa umesimama mrefu kuliko nilivyofikiri, mweusi kwa miti chini, na juu yake, pale barabara inapopita, blanketi jeupe limefunika kila kitu. Huku kwetu jua lilikuwa linachoma. Nikampigia mke wangu.

"Kuna watu?"

"Wamejaa," akasema, nikasikia sauti za wageni nyuma yake na mlio wa gazeti likikunjwa. "Hawaoni kitu. Kofia za watoto zimebaki ngapi pale kwenye gunia?"