Sindano ya Sitini

Jioni ya Alhamisi, katika nyumba moja mjini Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, sajini mstaafu wa polisi wa majini alitandika shuka jeupe juu ya meza ya chakula, akapanga juu yake vipande vya injini ya mtumbwi. Injini hiyo ya mipigo miwili, yenye silinda mbili, ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba tangu mzee alipovua sare. Jumamosi alfajiri mtumbwi ulitakiwa kuvuka kwenda Visiwa vya Sese kuchukua samaki, na karo ya kijana wake wa kidato cha pili ilikuwa ikingojea fedha za safari hiyo.

Injini za namna hii hazina hodhi la mafuta chini kama motokaa. Mafuta ya kulainisha huchanganywa na petroli, hupita pamoja nayo mahali pa krenki, na kuacha utando mwembamba tu. Kwa hiyo, pale mkono wa pistoni unaposhika krenki, aghalabu huwekwa vyuma vidogo vya mviringo, vyembamba kama njiti ya kiberiti, ambavyo mafundi huviita sindano. Sindano huviringika, hazisuguani sana, na mafuta kidogo huzitosha. Katika injini nyingi za zamani zimewekwa huru, bila kitu cha kuzishika. Ukifungua kifuniko cha mkono wa pistoni humwagika kama punje za mchele.

Katika injini ya mzee zilikuwa 30 kwa kila mkono, yaani 60 kwa jumla. Kijana alizisafisha kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, kila fungu katika kisahani chake, kwa kuwa sindano zilizozoeana hazichanganywi na za upande mwingine. Mzee akazikagua moja moja: hakuna kutu, hakuna kishimo, hakuna rangi ya buluu inayoonyesha kuungua. Kama moja tu ingekuwa mbovu, fungu zima lingebadilishwa. Maana sindano mpya ikiwekwa kati ya zilizolika, yenyewe ndiyo hubeba mzigo wote.

Ndipo alipochukua kopo la mafuta ya mgando ya kujipaka, akapaka ndani ya mkono wa kwanza na juu ya krenki. Mafuta hayo huzishika sindano zisianguke, kisha injini ikipata moto huyeyuka na kwenda zake. Alizilaza bega kwa bega, akarudisha kifuniko kwa alama zake, akapitisha ukucha kwenye kiungo kuhakikisha hakuna ngazi, kisha akakaza bolti mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Krenki ikazunguka laini.

Mkono wa pili, hesabu ikakoma kwenye 29.

Akahesabu tena. 29. Sindano zote zikikaa, hubaki mwanya mdogo usiotosha sindano nyingine. Hapa mwanya uliweza kumeza moja na zaidi.

"Nilikuambia uangalie kisahani!" mzee alimfokea kijana. "Chuma hiki ni karo yako."

"Baba, nilizihesabu. Zilikuwa 30."

"Usinijibu."

Kijana akanyamaza, akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu kwa taa ya mkono. Mama akachuja mafuta ya taa machafu kwa kitambaa. Hapakuonekana kitu. Saa nne ya usiku mzee alikitazama kifuniko kile kwa muda mrefu. Angeweza kukifunga. Nani angejua? Lakini alikumbuka mtumbwi aliouvuta siku moja alipokuwa kazini, injini yake imekwama katikati ya maji, abiria wakichota maji kwa sufuria huku upepo ukivuma. Pengo likiwapo, sindano hukaa upande, zikabanana; au moja huchomoka na kupanda kwenye silinda, ikavunja pistoni. Aliweka spana chini.

"Baba watoto," mama alisema kwa upole, "sisi tumetafuta tuliposhika sisi. Wewe ulishika nini peke yako?"

Mzee alitazama meza. Hakuna aliyegusa kopo la mafuta ya mgando isipokuwa yeye. Alilivuta, akachimbua kwa ncha ya kidole. Sindano ya sitini ilikuwa humo, imezama, ikiwa imenata kidoleni mwake aliporudi kuchota.

Nyumba ilikuwa kimya. Mzee aliifuta sindano ile, akaiweka katika kiganja cha kijana.

"Ulihesabu sawa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Kijana hakusema neno. Aliipaka mafuta, akailaza katika pengo lake, na mwanya uliobaki haukutosha hata nusu ya nyingine. Baba alikaza bolti, mwana akazungusha krenki kwa mkono.

Jumamosi mtumbwi ulivuka, ukarudi. Tangu siku hiyo, injini ikifunguliwa katika nyumba ile, mafuta ya mgando huchotwa kwa kijiti, na wahesabuji ni wawili: kijana huandika hesabu katika daftari lake la shule, na baba hutia sahihi chini yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.