Nilikwenda Tanga kumlipa mwenzangu wa benki

Ujumbe ulikuja Jumanne usiku kwenye kundi letu la WhatsApp la wastaafu. Ulikuwa wa sauti, mfupi. "Wenzangu, hamjambo. Macho yamekataa, sisomi tena. Anayetaka kunisalimia anipigie." Kesho yake asubuhi nilihesabu majibu. Yalikuwa 23, na yote yaliandikwa. "Pole sana Da Mkubwa." "Mungu akuponye." Maua, mioyo, mikono ya kuomba dua. Moja kati ya hayo lilikuwa langu.

Binti yangu ndiye aliyeshtuka. Alikuwa anapita na kikombe cha chai, akachungulia simu yangu, akauliza, "Mama, sasa huyo bibi atayasomaje?"

Nimestaafu miaka miwili iliyopita baada ya kukaa nyuma ya kioo cha benki karibu miaka 30. Benki yenyewe sitaitaja, maana kosa nitakalolieleza ni langu. Tulipoondoka kazini tulipewa zawadi, tukapiga picha, tukaingizwa kwenye kundi. Humo tuko zaidi ya 60, na mazungumzo yetu ni ya aina tatu: nani amefariki, mchango utumwe namba gani, na pensheni imeingia au bado. Siku nyingine ni picha za "asubuhi njema". Mtu mliyegawana naye mihogo ya mchana kwa miaka sita anakuwa duara dogo lenye picha ya waridi.

Lakini kwa Da Mkubwa sikuandika kwa sababu ya uvivu. Niliandika kwa sababu nilikuwa nadaiwa.

Jumamosi alfajiri mimi na binti yangu tulikuwa kituo cha Magufuli pale Mbezi, tumeshika tiketi za Tanga. Yeye alizaliwa Tanga, hospitali ya Bombo, mwanzoni mwa 1998, ila tuliondoka akiwa mdogo na hakumbuki chochote. Alidhani tunakwenda kumwona mgonjwa na kutazama mji. Sikumwambia habari ya bahasha iliyokuwa kwenye mkoba wangu.

Ni safari ya kilomita kama 350, saa sita hivi kama basi halisimami ovyo. Kibaha, Mlandizi, kisha Chalinze, ambapo wa Morogoro wananyoosha na sisi tunakata kulia. Baada ya Wami niliamua kusema. Msomaji, ukitaka kumwambia mtoto wako jambo la aibu, mwambie ndani ya basi. Mnatazama mbele wote wawili, na hakuna anayeweza kuinuka akaondoka.

Nilimwambia hivi. Novemba 1998 nilikuwa keshia kijana pale Tanga, yeye akiwa bado ananyonya. Mwisho wa mwezi ndiyo ilikuwa siku yetu ngumu kwa sababu ya mashamba ya mkonge. Karani wa mishahara anakuja na gari na askari, ana karatasi ya mgawanyo: elfu moja ngapi, mia tano ngapi, sarafu ngapi, kwa sababu kila kibarua lazima apewe hesabu yake kamili na hakuna wa kumchenjia huko shambani. Unampangia mabunda, kila bunda noti 100, huku foleni nyuma yake imefika mlangoni.

Jioni ile tulipofunga, dawati langu halikubalansi. Nilikuwa na shoti ya shilingi 200,000, yaani mabunda mawili ya noti za elfu moja. Nilihesabu, nikahesabu tena. Pengine nilimpa mtu mara mbili. Hadi leo sijui. Kanuni nilikuwa naijua tangu siku ya kwanza: shoti ya keshia hulipwa na keshia. Fedha ile ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Maziwa yalikuwa yamelowanisha blauzi, mtoto yuko nyumbani na msichana wa kazi, nami nalia mbele ya leja.

Da Mkubwa alikuwa keshia mkuu. Hatukumwita hivyo kwa cheo, tulimwita kwa umri na kwa namna alivyokuwa akitusimamia, mkali mpaka unamchukia, halafu saa saba mchana anakusogezea sahani yake. Aliketi pembeni yangu akahesabu dawati zima upya, noti kwa noti, mpaka saa mbili usiku. Kisha akasema, "Nenda kamnyonyeshe mtoto. Kesho njoo mapema."

Kesho yake alinipa laki mbili zimefungwa kwenye leso. Wiki ile alikuwa amepokea zamu yake ya upatu. Nilirudisha kidogo kidogo, na kufika mwishoni mwa 1999 nilikuwa nimelipa nusu. Mwaka 2000 nikahamishiwa Dar es Salaam. Nusu iliyobaki sikuilipa.

Binti yangu alinyamaza mpaka Mkata. Halafu akauliza, "Alishawahi kukudai?"

Hakuwahi. Na hapo ndipo ubaya ulipo. Angenidai ningekasirika, ningelipa, tukabaki marafiki. Kwa kuwa alinyamaza, kila mwaka uliopita ulifanya kupiga simu kuwe kugumu zaidi. Mumewe alipofariki, nilituma rambirambi kwa simu, sikwenda. Nilijiambia kazi zimebana. Miaka yote ile ningeweza kupata siku moja ya kwenda Tanga.

Kabuku, Michungwani, Segera. Pale Segera barabara inagawanyika, wa Moshi na Arusha kushoto, wa Tanga kulia, na baada ya hapo mkonge unaanza kujipanga mistari mpaka macho yanachoka. Binti yangu hakuwa amewahi kuuona kwa wingi namna hiyo. Nikamweleza ninayoyajua: kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche mingi ikafa njiani, ikapona 62, na kutokana na hiyo ukaenea ukanda wote huu. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000, ikiongoza duniani. Mimi nilipoanza kazi miaka ya 1990 zao lilikuwa limeporomoka vibaya, na bado mwisho wa mwezi foleni ilifika mlangoni. Nikajiuliza foleni ya wazazi wetu ilikuwaje.

Muheza tukanunua machungwa, Pongwe tukapita, na saa saba tukawa Tanga.

Tanga ni mji wa baiskeli. Kina mama wamebeba samaki, wanafunzi wamepakizana, mzee wa kanzu anapiga kengele bila haraka yoyote. Nilimpeleka binti yangu kuona tawi letu la zamani, jengo la kuta nene upande wa bandari. Mlango ni uleule. Nje sasa kuna mashine za kutolea fedha na vijana wamepanga mstari, kila mmoja anatazama simu yake.

Pale mlangoni nilimweleza jambo ambalo watu wa nje ya benki huwa hawalijui. Chumba cha hazina hakifunguliwi na mtu mmoja. Funguo ni mbili, na wanaozishika ni wawili tofauti. Mmoja akichelewa, mwenzake anasimama hapo na funguo yake haimsaidii kitu. Katika mwaka wangu wa mwisho Tanga, Da Mkubwa alinipendekeza nishike funguo ya pili. Yaani mtu anayenidai laki moja alikwenda kwa meneja akasema huyu anaaminika. Kila asubuhi tulisimama bega kwa bega mbele ya mlango ule wa chuma, mimi nageuza wangu, yeye wake. Deni hatukulitaja hata siku moja.

Tulipaswa kwenda moja kwa moja Ngamiani. Mimi nikasema kwanza tupumzike bustani ya Jamhuri. Kutoka pale unaiona bandari na kisiwa cha Toten, kina miti mingi na magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Jina walilipa Wajerumani, na maana yake ni wafu. Binti yangu alikitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Mama, inatosha. Twende."

Ngamiani mitaa yake huitwa kwa namba, hivyo hata mgeni hapotei sana. Nyumba ya Da Mkubwa niliijua kwa mwembe. Tulipiga hodi, akatoka mjukuu wake wa darasa la sita, na nyuma yake sauti ikauliza, "Nani?"

"Shikamoo dada," nikasema.

Kimya kidogo. Kisha akacheka. "Marahaba. Dawati namba nne." Lilikuwa dawati langu.

Amepungua. Presha ya macho ilianza jicho moja, anasema, akaipuuza akidhani ni uzee, na ilipohamia la pili alikuwa amechelewa. Anaona mwanga na vivuli. Binti yangu alipoinama kumwamkia, alimshika mkono akaupapasa mpaka kiwikoni. "Wewe ndiye uliyeikojolea leja yangu. Mama yako alikuja kukuonyesha siku 40 zilipoisha, nikakulaza mezani."

Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tuliongea habari za waliokufa, maana lazima, na za walio hai. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wangu muda wote huo. Mwishowe binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Nilisema nilichokuwa nimekiandaa, nikakivuruga katikati, nikaweka bahasha mkononi mwake. Aliifungua. Akazichomoa noti, akazigonga mezani kuzinyoosha, akaanza kuhesabu. Vidole vilikwenda kama zamani, kidole gumba kikisukuma na cha kati kikipokea. Hakuuliza ni noti gani. Noti zetu hazilingani ukubwa, ya elfu kumi ni ndefu kuliko zote, naye alipima moja kwa shibiri ya vidole akaendelea.

"Ziko 30," akasema. "Laki tatu."

"Ndiyo, dada."

Akahesabu kumi, akaziweka kwenye mfuko wa gauni lake. Zilizobaki akanirudishia. "Nilikukopesha laki mbili, ukalipa moja. Riba hatukuandikiana."

Nikambembeleza. Nikasema laki ya mwaka ule si ya leo, yeye anajua kuliko mimi. Akakubali kwamba si sawa. Akasema fedha ile ya upatu ilikuwa ya mabati ya chumba cha nyuma. Alisema hivyo kwa utulivu, kama anasoma taarifa. "Masika ya mwaka uliofuata tulihamisha vitanda. Watoto walilala ukumbini. Mwaka uliofuata tukaezeka."

Sikujua hilo. Nilikuwa nikimwona kila siku ya kazi katika masika yale, amevaa sare iliyopigwa pasi, na sikuwahi kujua kwamba nyumbani kwake panavuja kwa sababu yangu. Binti yangu alitazama dari. Mimi nilitazama sahani.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ulikuwa na mtoto mchanga," akasema, kisha akamwita mjukuu alete chai.

Tulilala kwake. Usiku binti yangu alikaa na yule mjukuu, akamwonyesha namna ya kuiweka simu ya bibi yake isome maandishi kwa sauti, na akaandika kwenye kundi kwa jina langu: "Niko Tanga kwa Da Mkubwa. Hasomi. Tumeni sauti, na msitaje majina, tuone kama atawatambua." Kama kwenye kundi lenu kuna mtu mzima ambaye amekuwa kimya siku hizi, nawaomba muangalie kwanza kama bado anaweza kusoma.

Asubuhi ya Jumapili zilikuwa zimefika sauti 17. Tuliketi barazani na mkate na chai ya tangawizi, mjukuu akizichezesha moja moja. Da Mkubwa aliinamisha kichwa. Huyu wa hundi. Huyu meneja wa tatu, sauti imekuwa ya kizee. Huyu yule binti wa mapokezi, bado anaongea kama anakimbizwa. Moja ilianza kwa kikohozi tu, kabla mtu hajasema neno, naye akapiga makofi. "Askari wetu wa mlango! Yu hai!" Tulikuwa na zaidi ya miaka 20 hatujamsikia. Kumbe alikuwa kwenye kundi siku zote, miongoni mwa maduara yasiyo na picha.

Wawili hakuwatambua, na hilo lilimuudhi kweli. Akadai warudie.

Mchana tukaaga. Nilimwambia nitarudi kabla ya masika, akajibu, "Hayo utayasema ukiwa kwenye basi la kuja." Hakutusindikiza kituoni, alitusindikiza mpaka mwembeni.

Basi liliposimama Michungwani, wauza machungwa walikimbilia madirishani kama kawaida yao. Simu yangu ikaita. Namba ya Tanga.

"Mmefika wapi?"

"Michungwani, dada."

"Machungwa wanauzaje?"

Nikamuuliza kijana aliyekuwa ameinua ndoo yake dirishani, nikamtajia bei.

"Anakuibia huyo. Mpe simu."

Nikainyoosha simu nje ya dirisha. Kijana aliiweka sikioni, akasikiliza, akasema, "Shikamoo mama," na akaanza kuongeza machungwa kwenye mfuko wetu.