Majeruhi au Warushaji?

Kwa mtu aliyekulia Tanga, ubishi wa mpira si kitu kigeni. Simba ikifungwa, kesho yake kijiweni utasikia refa, utasikia kiwanja, utasikia kocha, na wakikosa wa kumlaumu watu watasema timu ilikuwa na majeruhi. Yanga ikifungwa ni hayo hayo kwa mdomo mwingine. Kwa hiyo nilipofika St. Louis, Marekani, mwaka 2021, nikapokewa kwa Mjomba, sikushangaa kumkuta akigombana na televisheni. Kilichonishangaza ni mchezo wenyewe.

Besiboli, ndugu msomaji, niliielewa kwa kuikumbuka rede ya utotoni. Yupo mrushaji, na yupo anayerushiwa, ila huyu wa pili hakwepi mpira, ameshika gongo anataka kuupiga. Nyuma yake amechuchumaa mdakaji. Mpigaji akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vitatu hadi arudi alipoanzia, na hapo timu yake inapata pointi. Duru ni tisa. Wakimbiaji utawaona, wapigaji watashangiliwa, lakini kila kitu kinaanzia mkononi mwa mrushaji. Ndiyo maana hata ushindi na kipigo huandikwa kwa jina lake, kama vile wenzake walikuwa nyumbani wamelala.

Mjomba aliingia mji huu Oktoba 2006. Wiki chache tu baadaye akasikia honi na makelele usiku kucha, akadhani ni fujo, akafunga dirisha. Kumbe St. Louis Cardinals wametwaa ubingwa wa World Series kwa kuwafunga Detroit Tigers, na aliyerusha mpira wa mwisho alikuwa kijana mrefu anaitwa Adam Wainwright. Tangu siku hiyo Mjomba akamchukua kijana yule kuwa wake. "Tumeanza kazi pamoja katika mji huu," hupenda kusema. Mwenzake akawa anarusha mpira, yeye akawa anapakia maboksi katika bohari moja nje ya mji. Miaka kumi na saba.

Sasa tuje kwenye msimu wa 2023, maana ndio uliotugombanisha.

Mwaka uliotangulia Cardinals walishinda mara 93, wakapoteza 69, wakawa mabingwa wa kundi lao. Paul Goldschmidt akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Tukaingia 2023 vifua mbele. Siku ya ufunguzi, Machi 30, nyumbani Busch Stadium, walicheza na Toronto. Cardinals wakapata pointi tisa. Tisa, jamani! Wakafungwa kumi. Mwanzoni mwa Mei walikuwa wameshinda mara 10 na kupoteza 24. Msimu ulipokwisha ilikuwa 71 kwa 91, wa mwisho kwenye kundi, jambo ambalo halijawapata tangu mwaka 1990.

Nani aliua msimu? Mjomba alisema majeruhi. Mimi nikasema warushaji.

Nilikuwa na daftari. Nacheka nikilikumbuka, maana masomo yangu ya chuo sikuyaandikia kwa bidii ile. Nilikuwa nasimama sebuleni kama wakili. "Mjomba, timu iliyopata pointi tisa ikafungwa, utaniambia imeangushwa na mgonjwa gani? Wapigaji ni walewale wa mwaka jana! Halafu kabla ya msimu uongozi ukatoa dola milioni 87 na nusu, mkataba wa miaka mitano, kumnunua mdakaji, Willson Contreras. Mdakaji! Nyumba inavuja paa, mtu ananunua zulia."

"We mtoto," Mjomba angejibu, chai mkononi, "hesabu unazijua lakini watu huwajui. Siku hiyohiyo ya ufunguzi Lars Nootbaar kaumia kidole gumba. Juni, Ryan Helsley, yule wa kufunga mchezo, kaumia mkono, hadi Septemba hayupo. Na Wainwright je? Siku ya ufunguzi alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaimba."

Na kweli alikuwa anaimba. Alirudi kutoka mashindano ya dunia ya mwezi Machi na maumivu ya msuli wa kinena, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Siku ya kwanza ya msimu wake wa mwisho, mrushaji mkongwe kuliko wote pale hakurusha hata mpira mmoja. Alishika kipaza sauti akaimba wimbo wa taifa.

"Basi," Mjomba akasema. "Majeruhi."

Mkaza mjomba, ambaye mchezo huu haumhusu ndewe wala sikio, alikuwa akikunja nguo. Akauliza tu, bila kuinua macho: "Kwani bega la mtu anayerusha likiuma, hapo tuseme kaumia au tuseme karusha vibaya?"

Tulimcheka wote wawili. Ni ubishi wa wanaume, tukajiona tunajua. Leo naona aibu, maana swali lile ndilo lilikuwa lenyewe, na sisi tulilipita kama gari la mizigo.

Wainwright alirudi Mei. Juni akafikisha ushindi wa 198. Alitaka 200 kabla ya kustaafu, na mji mzima ulimtakia hivyo. Lakini kuanzia hapo, salaama! Akaandikiwa vipigo kumi mfululizo. Julai wakamweka kando tena kwa ajili ya bega, akarudi, akapigwa tena. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti uongozi ukawatoa warushaji Jordan Montgomery na Jack Flaherty kwa timu nyingine, dalili kwamba msimu umeshazikwa. Montgomery akaenda Texas Rangers, na kabla mwaka haujaisha alikuwa bingwa wa World Series. Mzee wetu akabaki anapanda kilimani kila zamu yake ikifika, kwa maana mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo, na kila mtu anamwona.

Kuna kipimo chao cha kuhesabu ni pointi ngapi mrushaji anafungisha kwa kila duru tisa. Aliye chini ya nne si mbaya. Wainwright alimaliza mwaka ule na 7.40.

Usiku mmoja wa Agosti, baada ya kupigwa tena mapema, nilisimama na daftari langu nikasema maneno ambayo bado yananiuma. Nilisema: "Huyu mzee aache. Mtu kazi ikimshinda awapishe wenzake. Anang'ang'ania mia mbili zake tu, timu inazama."

Nilitegemea Mjomba aniwakie kama kawaida yake. Hakuniwakia. Aliweka kikombe chini, kwa mkono wa kushoto, akasema, "Haya, lala salama," akaingia chumbani. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Nikamwangalia mkaza mjomba. Akainuka, akafungua droo ya kabati, akanipa barua.

Ilikuwa ya kazini kwake Mjomba. Lugha yake ya adabu kabisa. Ilisema kwamba kwa wiki kadhaa idadi ya maboksi anayopakia kwa saa imeshuka chini ya kiwango, kwamba hili ni onyo la kwanza, na kwamba wanategemea atajirekebisha. Namba zilipangwa vizuri, wiki kwa wiki, kama za kwenye daftari langu. Neno bega halikuwemo popote.

"Haliinuki," mkaza mjomba akaniambia kwa sauti ya chini. "Tangu mwezi wa tano. Shati namvisha mimi."

Nilikaa pale nimeshika karatasi. Nikaanza kukumbuka. Mjomba kuniita nimshushie sufuria, "we mrefu bwana." Mjomba kuacha kuendesha gari Jumapili. Chai mkono wa kushoto. Nilikuwa ndani ya nyumba ileile, nahesabu mipira iliyorushwa na mtu nisiyemjua, na la mbele ya macho yangu sikuliona.

Asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Kwa nini hujawaambia kazini?"

Akanyamaza mpaka nikadhani hanijibu. Halafu akasema: "Wainwright akiumia, wanamwandika kwenye orodha ya majeruhi. Anakaa nje, mshahara unaingia, akipona anarudi, na hakuna anayeandika kwamba siku zile alirusha vibaya. Mimi orodha yangu iko wapi? Nikisema bega, wataniuliza limeumia siku gani, saa ngapi, nani aliona. Halikuumia siku moja. Limeumia miaka kumi na saba. Nitasema siku gani?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikaona jinsi ubishi wetu ulivyokuwa wa watu walioketi kwenye kochi. Mimi nilikuwa nauliza majeruhi au warushaji kana kwamba ni makapu mawili, hiki weka hapa, kile weka kule. Lakini mrushaji wa miaka arobaini na moja mwenye bega bovu utamtia kapu gani? Siku aliyoandikwa kwenye orodha aliitwa majeruhi. Siku aliyofutwa, bega likiwa lilelile, akaitwa mbovu. Kilichobadilika ni karatasi. Na kwa Mjomba karatasi ilikuwa moja tu, ile ya onyo.

Nisijipendelee lakini. Hoja yangu haikuwa ya uongo yote. Warushaji walikuwa wachache, na uongozi ulikuwa na majira ya baridi mazima ya kuliona hilo. Unapomtegemea mzee akuvushe msimu mzima bila kumwandalia wa kumsaidia, halafu bega lake likachoka, hapo usiseme ni bahati mbaya. Ulimtumia. Sasa nikisema warushaji ndio walioangusha timu, simsemi aliyesimama pale kichuguuni. Nawasema waliompandisha huku wakijua hana wa kumpokea.

Septemba 12 akashinda kule Baltimore, ikawa 199. Septemba 18 ikawa zamu yake tena, nyumbani, dhidi ya Milwaukee Brewers. Tulikaa wote watatu, hata mkaza mjomba aliweka nguo pembeni. Mimi daftari nililiacha chumbani.

Mpira wake ulikuwa wa taratibu. Hakuwa na kasi tena, alikuwa na ujuzi tu, mpira unakuja kama unataka kwenda juu halafu unazama magotini. Duru ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, ya tatu, hakuna kitu. Mjomba alikuwa anahema kila mpira unapotoka, bega lake la kulia likicheza kidogo, kama vile na lenyewe linarusha. Pointi ikapatikana moja tu usiku mzima, na aliyeipata ni Contreras, yuleyule mdakaji wa mamilioni, ambaye Mei walimwondoa kwa muda kwenye udakaji kana kwamba matatizo yote yalikuwa yake. Aliupiga mpira hadi nje ya uzio. Nikameza zulia langu kimyakimya.

Duru saba Wainwright alirusha bila kufungwa. Wenzake wakamalizia. Moja kwa sifuri. Mia mbili.

Mjomba hakushangilia. Alifuta uso kwa kiganja cha kushoto, akasema, "Hatarusha tena huyu."

Na kweli hakurusha tena. Zilibaki wiki mbili za msimu, lakini mwili ulikuwa umekwisha, akasema inatosha.

Wiki ile nilikosa vipindi viwili chuoni nikampeleka Mjomba kwa daktari. Picha ikapigwa, ikaonekana kano za bega zimechanika, si leo wala jana. Daktari akaandika. Nilimsaidia Mjomba kuandika barua yake kwenda kazini, na penye swali la tarehe ya kuumia tukaandika ukweli, kwamba ni kazi ya miaka kumi na saba. Walichukua muda mrefu kujibu. Mwishowe walimwondoa kwenye maboksi wakamweka langoni kukagua hati za madereva, saa chache zaidi na pesa chache zaidi. Upasuaji bado ni mazungumzo. Kwa hiyo sitakwambia, ndugu msomaji, kwamba mambo yalikwisha vizuri. Lakini ile barua ya onyo sasa ina mwenzake ndani ya droo, na ile ya pili neno bega limo.

Ubishi haukuisha, nisikudanganye. Mwaka 2024 Cardinals walishinda 83 wakapoteza 79, si haba, na tukapata jambo jipya la kugombania. Ule wa 2023 bado huibuka, hasa akija mgeni. Mjomba atasema majeruhi, na mimi nitasema warushaji, maana kuna heshima ya ubishi, huwezi kuutupa hivihivi. Mkaza mjomba hutusikiliza, akatingisha kichwa, akaendelea na shughuli zake.

Ila siku hizi majani ya chai yanakaa rafu ya chini. Niliyashusha mwenyewe, hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyelitaja.